Mashimo Manne Chini ya Zulia

Jumamosi, Novemba 2015. Black Rock, Buffalo.

Upepo wa mtoni leo umeamka kabla yetu. Theluji haijaanguka bado, lakini anga limenuna kama mtu anayejua jambo na hataki kulisema. Nami nimenuna vilevile, ingawa hii ni wiki yangu ya sita ya ndoa na kwa haki nilipaswa kuwa naimba.

Nianze na lililo kweli: nampenda Gentil. Nampenda mpaka naona haya kuandika hapa, maana najua akina mama wa kanisani wanasoma blogu hii, ingawa Gentil mwenyewe haisomi. Kila asubuhi huweka viatu vyangu juu ya kipasha joto ili nikienda kazini miguu isishtuke. Hucheka Kiswahili changu cha shule ya Kigoma, halafu anakiiga polepole, neno kwa neno, ili nicheke na mimi. Akitabasamu, nasahau nilikuwa nimekasirikia nini.

Lakini tangu jana namwangalia kwa pembe ya jicho.

Jana kaka yangu Josué alifika na pikapu kutoka Louisville. Njiani alilala Columbus kwa dada yake Gentil, katika nyumba ileile ambamo mimi na Gentil tulionana mara ya kwanza, nikammwagia chai kwenye suruali mpya. Josué alisema ameleta zawadi ya harusi kutoka kwa baba. Nilipoona umbo lile refu chini ya blanketi nilijua ni friji. Nikapiga vigelegele pale barazani.

Haikuwa friji. Ilikuwa sefu, chuma cheusi kinachonifika begani. Josué alipofungua mlango wake niliona ndani vishikio vya mahameli vimepangwa wima, vyembamba na virefu. Hakuna mtu anayesimamisha vyeti vya ndoa wima. Ilikuwa sefu ya bunduki. Funguo mbili zilikuwa zimebandikwa kwa ndani. Nilizihesabu bila kujua kwa nini.

Nilimtazama Gentil nione kama atashangaa.

Hakushangaa.

Vijana wanne wa kwaya walikuja kusaidia. Wakapitisha miti miwili chini ya kamba zilizoifunga sefu, wakaifunika tena blanketi isikwaruzwe, wakaibeba mabegani kama kipoyi, jinsi kule milimani kwetu tulivyokuwa tukibeba wagonjwa kwenda hospitali. Hata kelele zilikuwa zilezile: "Tubadilishe bega! Polepole!" Mzee Mmarekani wa nyumba ya pili alikuwa akifagia majani. Alipoona msafara ule alivua kofia yake, akaiweka kifuani.

"Shemeki, anazani tuko nabeba maiti!" Josué alimwambia Gentil, akicheka huku jasho likimtoka.

"Beba tu," Gentil akajibu. "Maiti haiko nzito hivi."

Wote walicheka. Mimi sikuweza.

Nyumba yetu ni ya zamani sana na sakafu ni ya mbao. Ukipita usiku kwenda kunywa maji, kila ubao unakusema. Josué alikanyaga huku na kule, akatikisa kichwa. "Donc, mbao hii itashika kweli? Usikuje kesho kutuambia sefu iko chini kwa cave."

Gentil akatushusha kwenye hiyo cave, chumba cha chini ya nyumba, kutuonyesha. "Uzito hautalala juu ya mbao. Utalala juu ya boriti," alisema, akiigonga kwa kiganja. "Na boriti iko na mutu wa kuisaidia."

Huyo "mtu" ni nguzo ya chuma. Naifahamu nguzo ile. Wiki yangu ya kwanza hapa nilimuuliza ni ya nini, akaniambia nyumba imezeeka, magoti yake yamechoka. Nilimbusu kwa jibu lile. Nililiandika hata hapa kwenye blogu, mtakumbuka, nikasema nimeolewa na mshairi.

Nguzo iko moja kwa moja chini ya kona ambapo sefu inakwenda. Hakupima chochote.

Tuliporudi juu akakunja zulia la kona ile. Chini yake kulikuwa na vipande vinne vya utepe wa gundi. Akavibandua kimoja kimoja, na chini ya kila kimoja kulikuwa na tundu lililokwisha kutobolewa. Sefu ikakaa juu yake, akaingiza boliti, akakaza kwa spana, na zote nne ziliingia bila kubishana. Kwa wiki sita nimefagia zulia juu ya matundu yale.

Niliwangoja vijana wa kwaya wamalize kula, waombe, waondoke. Halafu nikauliza mbele ya kaka yangu: "Gentil, bunduki iko wapi?"

Josué akajitia kuchunguza mfupa kwenye sahani yake.

"Iko Tonawanda," Gentil akasema. "Kwa rafiki yangu wa kazini. Niliinunua mwaka jana, dukani, na karatasi zote. Ya kuwinda."

"Sisi ni watu wa ng'ombe. Tangu lini tunakula mnyama wa porini?"

"Sikulaka, bibi yangu. Minaendaka tu na barafiki ya kazi. Asubuhi kule muporini kuko na ukungu. Kunafanana na kwetu."

Mnaona? Ndivyo anavyonishinda. Anasema kitu kama hicho na moyo wangu unalegea kama siagi. Lakini safari hii niliushika.

Mnaonisoma mnajua nilikuwa na mdogo wangu, Eliya. Kule kwetu bunduki ya kulinda ng'ombe ilikuwa ikisimama nyuma ya mlango. Mimi niliachiwa Eliya nimwangalie. Nilitoka nje kidogo tu kukoka moto. Sitaandika zaidi.

"Baba anajua?" nikauliza.

Josué ndiye aliyejibu. "Dada, baba njo alianzisha yote." Siku ya mahari, kule kwa baba, South End ya Louisville, wanaume walikuwa sebuleni na mimi jikoni nakaanga mandazi. Nilisikia wakibishania ng'ombe, nikasikia vicheko, kisha ukimya mrefu. Nilidhani wanaomba. Kumbe katika ukimya ule baba alikuwa amemuuliza Gentil kama ana silaha, na Gentil hakumdanganya. Baba akasema: binti yangu hatalala katika nyumba yenye bunduki isiyofungwa ndani ya chuma, na chuma kifungwe sakafuni. Yeye mwenyewe ataleta chuma. Ufunguo utakaa kwa binti. Na mimi nisiambiwe mpaka kazi iishe, kwa sababu ningekataa ndoa.

Ningekataa. Ni kweli.

Ndiyo maana inauma. Walijua jibu langu, wakaamua kutoliuliza.

Leo asubuhi, kabla Josué hajaondoka, Gentil alikwenda Tonawanda akarudi na bunduki. Risasi aliziacha kule. Aliiweka ndani mbele yangu, akarudi nyuma ili nifunge mwenyewe. Hapo Josué akanikabidhi bahasha yenye mwandiko wa baba.

Ndani kulikuwa na ufunguo mmoja.

"Mwingine?"

"Iko kwa baba. Nilimwachia," akasema Josué, akatoka haraka kuwasha gari.

Lakini funguo mbili niliziona jana kwa macho yangu, hapa hapa barazani, wakati baba yuko Louisville.

Gentil amekwenda zamu yake ya mchana. Alinibusu kwenye paji la uso, akaniambia niweke ufunguo mahali nitakapo, yeye hataki kujua. Nilisimama dirishani nikampungia mpaka gari likapinda kona. Nampenda sana. Kisha nikachomoa uzi mmoja mwekundu kutoka kwenye mushanana, vazi langu la harusi, nikaubandika kukatiza ufa wa mlango wa sefu, chini kabisa, mahali asipotazama mtu.

Hakuna aliyenifundisha. Mkono umefanya wenyewe.

Akirudi nitampashia chakula na nitalala kifuani pake kama kawaida. Asubuhi nikiamka, nitatazama nini kwanza: uso wake, au uzi?