Bomba Lililoelekezwa Kusi

Mbwawa, Kibaha
14 Julai 1976

Kwa Fundi Twalibu, Kisarawe.

Sisi hatujambo. Mihogo imekubali mwaka huu, na kuku wa mama wameangua wote.

Barua yako ya posa imefika. Baba hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi mwenyewe, hadi pale ulipoandika kwamba Biasha ni msichana mtulivu. Utulivu wangu uliuona wapi?

Labda ni Januari, ulipokuja kupima bomba la kutolea moshi katika jiko la chuo tunapopikia. Nilikuambia usilitoe upande wa kusi, kwa kuwa upepo utageuka. Ukacheka mbele ya mkuu wa chuo, ukasema mpishi ashike mwiko, ramani amwachie fundi. Nikanyamaza. Kumbe huko kunyamaza ndiko unakokuita utulivu!

Tangu Mei upepo wa kusi unaingia kwenye bomba lako, na moshi wote unaturudia usoni. Mwenzangu Mwanamvua amelazwa wiki ya pili sasa, kifua kimembana. Habari za upepo hukutaka kuzisikia kwangu. Na habari za ndoa yangu umemwuliza baba.

Njoo utoboe paa, bomba lipande wima. Njoo na ngazi yako, mshenga mwache huko huko.

Baba anakusalimu. Ameniagiza nikuandikie kwamba amekubali. Mimi nimekataa, na kalamu ninayo mimi.

Ni mimi mwenye mwiko,
Biasha binti Matano