Mutua Kwenye Skrini

Jumatano, Matinyani

Na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania intaneti ipitie kwa waya wa simu ya mezani, ile aliyoiweka marehemu Baba. Leo fundi Mwende ameupima, akatikisa kichwa.

"Dada, hii ni shaba ya zamani, imeoza kwenye maungio. Hata nikiitengeneza huku ndani, waya wa kutoka nguzoni ulikatwa kitambo. Na faiba, ule waya mpya wa intaneti, imeishia sokoni. Hapa tuweke kifaa cha kushika mawimbi juu ya paa."

Niliumia kidogo. Baba aliringa sana na simu hiyo.

Saa kumi kifaa kikashika. Nikampigia Mutua, kaka yangu wa Kalamba, kwa video. Mutua ni kiziwi tangu utotoni. Miaka yote ile simu ya Baba iliita, tuliongea na kila mtu isipokuwa yeye. Habari zake tuliletewa na watu.

Mama alipomwona aliweka kikombe chini, akamuuliza kwa mikono, "Umekula?"

Mutua akacheka. Akajibu kwa mikono kwamba kuku wametotoa, na mguu wake umepona.

Mguu! Mama hakujua hata kama aliumia. Akaanza kumgombeza, mikono ikienda mbio, machozi yakimtoka, na Mutua akizidi kucheka.

Mwende ameniambia mvua kubwa ikinyesha huenda mawimbi yakasumbua. Hilo linanitia wasiwasi.

Lakini Mama ameshaniagiza nimpigie Mutua tena kesho asubuhi. Anasema hajamaliza kumgombeza.