Swali la Mzio Kitanda cha Dirishani

Wodi ya Wagonjwa Mahututi,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu hai, na safari hii nashukuru kwa moyo wote. Mama anakula, anasali na kugomba, kwa hiyo ni mzima.

Keti kwanza. Mumeo wa zamani alikuja nyumbani Jumamosi kukutafuta. Mama alipokataa kusema uliko, yule mshenzi aliuvunja mlango kwa teke, akaingia na panga. Mdogo wetu Chuma akamkinga mama kwa mkono. Damu niliifuta mwenyewe, dada, ilikuwa imefika hadi chini ya kabati. Mkono umeshonwa, lakini vidole viwili vimekwenda. Sasa atachomeaje mageti?

Majirani nao hawakulaza damu. Walimshukia kwa mawe na nondo mpaka uso haujulikani. Akaletwa wapi? Wodini kwangu! Kitanda cha dirishani, mashine ikimpumulia. Mkuu wa wodi alitaka nimpishe mwenzangu, lakini mwenzangu anaumwa.

Utaratibu wetu unaujua. Kila asubuhi daktari, mfamasia na muuguzi tunazunguka vitanda pamoja, mmoja anasoma maswali kwa sauti, na hatuhami kitanda mpaka yote yajibiwe. Jana msomaji nilikuwa mimi. Nikasoma, "Ana mzio wa dawa yoyote?"

"Hakuna kilichoandikwa," mfamasia akajibu. Chupa ya penisilini ilishatundikwa.

Mle ndani aliyejua ni mimi tu. Unakumbuka mwaka wa ndoa yenu, alivyovimba koo kwa sindano moja ya penisilini, tukakesha tukimwombea? Tulimwombea, wajinga sisi!

Nikaitazama ile chupa. Nilivikumbuka vidole vya Chuma, na meno yako aliyoyang'oa kwa ngumi. Nilitaka afe. Nakwambia wazi, nilitaka afe.

"Sista, tuendelee?" daktari akauliza.

"Iondoeni hiyo chupa," nikasema. "Itamuua." Kisha nilijifungia chooni nikapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba.

Mama ameninunia. Chuma hasemi nami. Nawe ukikasirika ni haki yako, lakini ningenyamaza jana, kesho ningemsomea nani maswali yale?

Leo yule mshenzi ametolewa mpira wa kupumulia kooni. Neno la kwanza alilotamka ni jina lako, kisha akauliza uko wapi. Askari yupo mlangoni, ila mimi siuamini mlango wala askari. Hama leo hii, dada, na usimwambie mtu unakokwenda. Hata mimi usiniambie.

Wabusu watoto, waambie mama yao mdogo anawapenda. Mungu akufiche mbali na mikono ile.

Wako akupendaye, hata ukinichukia,
Mdogo wako, muuguzi.