Elektroni Ndani ya Fungate

Kionga, Ijumaa. Manyunyu tangu alfajiri, makuti ya paa yananukia, na mimi nina furaha mpaka naona haya.

Leo ni siku ya sita ya fungate. Wenzangu waliniambia siku hizi saba hupita kwa udi na kunong'onezana. Sisi tunasoma fizikia! Jumatatu mume wangu Bakari anakwenda Mocímboa kufanya mtihani wa ualimu. Akifaulu, atafundisha hapa hapa Kionga. Akishindwa, atapelekwa Diaca, na tangu vita vianze njia ya Diaca imetegwa mabomu, hata askari wanaiogopa. Basi mimi niliyemaliza liceu, shule ya sekondari ya Wareno, namhoji, naye amelaza kichwa mapajani mwangu. Ah, kichwa kile!

Tatizo ni atomu.

Ukurasa mmoja unasema chembe yenye umeme ikizunguka hutoa mwanga, huishiwa nguvu, huanguka katikati. Ukurasa wa pili unasema elektroni huzunguka siku zote na haianguki. Kisha wataalamu wanazitumia kurasa zote mbili kukokotoa rangi za mwanga wa haidrojeni, na hesabu inatoka sawasawa!

Bakari alikasirika. "Kitabu kinajipinga chenyewe! Anazunguka usiku na mchana, hachoki, haanguki?"

Hapo akaingia Bi Mwanaasha, somo wangu aliyenifunda, na sinia la wali.

"Nani huyo asiyechoka?"

"Elektroni, somo."

"Mpaka fungate iishe, mwanamke mwingine asitajwe chumbani humu. Na wewe bwana harusi, kula, unakonda!"

Tulicheka mpaka wali ukamwagika.

Lakini swali halijanitoka. Mwalimu wetu wa falsafa alisema ukikubali mambo mawili yanayopingana, unaweza kuthibitisha lolote, hata kwamba mbuzi ni gavana. Mbona hawa wa atomu hawathibitishi lolote tu? Wanapata rangi zile zile zinazoonekana kwa macho. Nani amesimama mlangoni kati ya kurasa hizo mbili, anayesema wewe pita, wewe ngoja?

Somo naye alinifunda, "Usimkatalie mumeo neno." Sijameza mate, akaongeza, "Wala usimkubalie kila neno." Wala sikuchanganyikiwa. Kila moja najua pa kulitumia.

Najuaje? Hapo nakwama, na kukwama kwenyewe kutamu.

Bakari amekubali kujibu mtihani kama kitabu kinavyotaka, ila chini alitaka kuongeza mstari wake: hapa pana mgongano, na kitabu hakijaueleza. Mtahini akichukia je? Nikamshika mashavu, nikamwambia Diaca, Diaca, mpaka akaapa hatauandika.

Sasa yuko msikitini, nami nimebaki na jambo ambalo sijamwambia.

Nataka asiuandike mstari ule.

Nataka auandike. Aliyenioa ni yule anayeushangaa mgongano na kuusema.

Akirudi nitamrudishia kiapo chake. Kisha nitaomba dua mtahini naye awe ameoa juzi.