Usitafute Mupira wa Gari

Papa Héritière,

Sufuria ya sombe iko ku moto, isiungue. Uambie watoto wavue nguo nzuri: ku ndoa kule Kibati hatuendi.

Mupira wa mbele nimeutoa, nimeupakiza ku chukudu yetu ya mbao, naisukuma kwenda kuuficha. Gari ingali imeinuliwa juu ya kriki, mutoto asikaribie.

Asubuhi nimeutikisa mbele yako, juu na chini: ko! ko! Rotule, kile kiungo kinachoshika mupira, imelegea. Ukacheka, eti ile kelele ya njiani ni mawe ya volkano. Mbona jana ku barabara ya kaburimbo, pasipo jiwe hata moja, iligonga vile vile? Mupira ukichomoka ku muteremuko, na watoto ndani?

Nimekuomba mpaka sauti imekauka.

~~Unisamehe.~~ Hapana. Ukasirike, lakini ukasirikie hapa nyumbani, watoto wote wakiwa wazima.

Mama Héritière