Si Ugonjwa, Mama, ni Miguu Yangu

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa mama yangu mpendwa,

Mulembe, mama. Mulembe kwa boma lote. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Ng'ombe amezaa au bado anatuchezea? Sisi huku Kitengela tuko salama. Everlyne, mkaza mwanao, hajambo, watoto hawajambo, na mimi (hapa namwomba dada yangu Nafula, anayekusomea barua hii, apaze sauti ya ualimu) mimi sijambo kabisa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu unalia kabla sijamaliza kusalimu. Najua ilivyokuwa. Simiyu, mtoto wa baba mdogo, alipita hapa na lori lake akielekea Namanga. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara namngoja, akanipita. Akanitafuta mbele na nyuma, mpaka nikamwita jina. Aliposhuka alinishika mabega kama fundi anayenipima koti, akaniambia, "Wafula, sema ukweli, uko sawa?" Chakula alichoandaliwa na Everlyne hakukimaliza. Nilijua tu kwamba habari zitafika Bungoma kabla ya lori kufika Namanga.

Na kweli, jioni ile ile ukanipigia: "Mwanangu, nyama yako ilienda wapi?" Kesho yake nikasikia kina mama wa kanisa wanafunga kula kila Alhamisi kwa ajili yangu. Wale kuku wawili na karanga ulizotuma kwa basi vilifika, asante sana. Lakini mama, watu wazima wanalala njaa kwa ajili ya mtu mwenye afya! Waambie wale chakula. Nimepimwa kila kitu ambacho Simiyu aliogopa kukitaja, na sina hata kimoja. Nimepungua mwili kwa hiari yangu, kilo thelathini na moja, na imenichukua karibu miaka miwili. Ngoja nikueleze, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwapo ilipoanza.

Unakumbuka tulivyomzika baba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, gari lililombeba likashindwa na kilima chetu, likatuacha pale stendi. Wazee wakasema jeneza libebwe, na mimi kifungua mimba nishike mbele. Nikashika. Tulipofika kwa posho mill, kile kinu cha unga katikati ya kilima, kifua kilinibana, macho yakaingia giza. Nikasema, "Ngojeni kidogo." Wakangoja. Baada ya hatua chache nikasema tena. Simiyu akautoa mkono wangu taratibu, akaingia mahali pangu. Mimi nikakalishwa kwenye gunia la pumba, mke wa baba mdogo akaanza kunipepea na leso, na watu waliokuja kumlilia baba wakaanza kunihurumia mimi. Baba alifika nyumbani kwake bila mtoto wake wa kwanza. Mimi nilifika nyuma juu ya pikipiki, mama. Juu ya pikipiki, kwenye mazishi ya baba yangu.

 Siku ile ulinipakulia tu chakula. Lakini nilikuona ukiniangalia, na nilijua unamwona baba. Daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili kwa sababu ya sukari na presha, naye akajibu kwamba mwanamume asiye na tumbo ni mwanamume asiye na bibi wa kumpikia. Tulicheka sote, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Niliporudi kazini sikuweza kulala vizuri. Unajua kazi yangu hapa machimboni ni ya ukarani. Vijana wanakata mawe juani, mimi nakaa kwenye kibanda cha mabati nahesabu malori. Nilikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Nilijipima kwa jirani yetu wa getini anayenunua vyuma vikuukuu, kwa sababu mizani yake haina huruma. Nilipanga foleni nyuma ya redieta ya trekta.

Nikaanza kwa fujo. Wiki nzima nilikula kabichi na maji ya ndimu, na siku ya sita nikaandika lori moja mara tatu. Jioni nikapitia kibanda cha chakula nikamaliza chapati nne na madondo, yale maharagwe ya mchuzi, nikiwa nimesimama. Halafu nikanunua unga fulani kwa mtu aliyeniahidi kwamba mwezi mmoja unatosha. Kilichopungua ni mbio zangu tu, kwa sababu siku tatu sikuweza kwenda mbali na choo. Cheka mama, nakuruhusu. Everlyne bado anacheka.

Kilichonisaidia kilinikuta Kajiado mjini. Nilikuwa nimepeleka karatasi za kazi, nikapanda ngazi za ofisi, nikaishiwa pumzi, nikashika ukuta. Mlinzi akanielekeza kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Nesi aliyenipima presha alipima mara mbili, kisha akafunga kitabu chake akaniuliza, "Unakulanga nini, kutoka asubuhi mpaka unalala?" Nikamwambia bila kuficha: chai ya sukari vijiko vinne na mandazi, saa nne soda na chapati, mchana ugali na nyama, saa kumi soda nyingine, na usiku ule mlima wa ugali nilioufundishwa nyumbani. Nilidhani ataandika dawa peke yake. Dawa aliandika, ya presha, lakini akaniuliza tena, "Kwa hizo zote, ni gani unaweza acha leo na usiililie?" Nikafikiri, nikasema soda. "Basi acha soda. Rudi mwezi ujao tutaongea juu ya ingine. Sitaki kitu utafanya wiki mbili. Nataka kitu utafanya ukiwa mzee."

Mama, nilitoka pale nimekasirika. Nilitaka vita, nimepewa soda! Lakini nikaiacha. Mwezi uliofuata tukapunguza sukari ya chai, uliofuata tukagusa ugali. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe ndivyo kibaba kinavyomwagwa pia.

Ugali ndio ulioleta kesi nyumbani. Nilipomwambia Everlyne anikatie kipande cha ukubwa wa ngumi yangu na sahani ijazwe mboga, aliendelea kusonga ugali. Siku ya tatu akaweka mwiko chini. "Baba Brenda, kama umechoka na chakula yangu, sema. Unatoka na giza, unarudi na jasho, umenunua viatu mpya, na hapa hukuli. Ni nani anakupikia?" Nilicheka, na hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko soda zote. Ikabidi asubuhi yake nimchukue tutoke pamoja, aone mwenyewe huyo mwanamke ninayeamkia.

Na mwanamke kweli yuko. Anaitwa Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai mwenye wajukuu watano, ambaye kila asubuhi anapeleka maziwa kwa miguu hadi kwenye vibanda vya machimboni. Mimi nilikuwa nafanya mwendo huo huo kwa boda. Siku nilipoanza kutembea tulikutana njiani. Nikamsalimu, "Takwenya," akaitikia, "Iko," akanitazama juu mpaka chini. "Wewe karani, ng'ombe ikinona hivi sisi tunapeleka soko. Wewe tunapeleka wapi?"

Akanipita na mitungi yake miwili. Mimi sikuwa na kitu mkononi, na sikumfikia tena mpaka machimboni, ambako alikuwa ameshauza na anakunywa chai. Watu wa boda nao waliona nimefutwa kazi. Mmoja alisimamisha pikipiki akaniambia kwa upole, "Panda tu karani, utanilipa ukipata." Wiki ya kwanza niliona haya kila hatua. Ya tatu nilianza kuona vitu vingine, swala kwenye uwanda ule ambao bado haujajengwa, na mlima wa Ngong ukiwa safi kabla ya vumbi la malori. Mama Naserian alipunguza mwendo kidogo. Anasema ni mimi niliyeongeza.

Everlyne alipomwona alishika mdomo. Tangu siku ile yeye ndiye amekuwa askari wangu. Amepanda mboga za managu na mrenda kwenye magunia nyuma ya nyumba, tunakula mapema kabla ya taarifa ya habari, na maharagwe yake hayana mafuta ya kuogelea. Nyama tunakula Jumapili. Hatujifungi kamba shingoni, mama. Kukiwa na sherehe tunakula kama watu, na kesho yake tunarudi njiani kwetu.

Usidhani ilikuwa kushuka tu. Mazoea yana taabu. Mvua za masika zilipokuja, udongo mweusi wa huku ulishika viatu, nikarudi kwenye boda, na chapati zikarudi nami. Kilo sita zikajirudisha. Halafu miezi miwili mizima mizani ya vyuma haikusogea hata kidogo, nikamwambia nesi kwamba mimi nimeumbwa hivi, kama baba. Akaniuliza, "Baba alijaribu?"  Nilirudi Kitengela nikanunua gambuti za kukanyagia matope, kesho yake alfajiri Mama Naserian akanikuta nimeshatangulia hadi darajani. Alinipa mtungi mmoja nimbebee. Tangu hapo ni wangu.

Sasa sikiliza mazuri. Mshipi wangu nimeutoboa matundu matano kwa msumari. Ngazi za Kajiado nazipanda nikiongea. Mwezi uliopita nesi alinipima presha, akapima tena kama siku ile ya kwanza, kisha akaita wenzake wawili waje waangalie kitabu changu. Dawa amepunguza, na bado naenda kupimwa kila mwezi, kwa hiyo usiogope. Na juzi wapakiaji walikuwa wachache, lori linangoja, nikavua shati la ukarani nikapakia nao mawe mpaka likajaa. Vijana walipiga makofi. Mmoja akauliza, "Karani, huyu mwingine ulimficha wapi?" Mama, nilisikia furaha ambayo sijaisikia tangu nivuke darasa la nane.

Jambo kubwa nimeliweka mwisho. Kaburi la baba bado halina jiwe. Fundi mmoja wa hapa machimboni ananichongea jiwe zuri la kijivu, amelilainisha uso na kuandika jina la baba. Lilipokuwa karibu kuisha nililipeleka kwenye mizani ya vyuma, nikamwambia fundi aendelee kupunguza nyuma mpaka lifike kilo thelathini na moja kamili. Aliniona mwendawazimu. Nilipoliinua lote na kulishika kifuani, nilijua kwa nini nilishindwa siku ile. Nilikuwa nimembeba baba na jiwe hili pamoja. Nililia pale pale getini, mbele ya mnunuzi wa vyuma, na sikuona haya.

Nakuja Desemba, shule zikifungwa. Jiwe litakuja na lori la Simiyu mpaka stendi. Umwambie mapema kwamba namshukuru kwa siku ile, na ninamshukuru kwa moyo wote, lakini mwaka huu asilishike zaidi ya hapo.

Chinja kuku, mama. Najua utachinja hata nikikukataza. Ugali nipe wa ngumi moja, mboga nijazie, na usinisimamie ukisema ongeza. Hilo ndilo ninaloogopa kuliko kilima, maana wewe sijawahi kukushinda. Lakini imondo, ile firigisi ya mwenye boma, niwekee mimi. Baba alikuwa anaila peke yake tukimtazama, na tangu aondoke nimekuwa nikiipitisha kwa wengine kwa sababu sikujiona mwanamume wa kuipokea. Mwaka huu nitaipokea.

Nisalimie Nafula, mwalimu wetu, na asante kwa koo lake. Nisalimie baba mdogo, na mkewe aliyenipepea na leso yake, bado nina deni la shukrani kwake. Nisalimie kina mama wa kanisa, waambie Alhamisi ijayo wapike, washibe, washukuru. Everlyne anakusalimu na anasema mbegu za mrenda zimekaribia kuisha. Mjukuu wako Brenda anasema atatembea na mimi kutoka stendi, na mdogo wake anasema atabebwa.

Siku hiyo kaa mlangoni, mahali unapoona kilima chote. Ukiniona nimefika kwa posho mill, nimesimama, usimtume mtu. Nitakuwa nabadilisha bega tu.

Ni mimi mwanao wa kwanza, mzima wa afya,

Wafula