Injini Imeingia, Mimi Nimebaki

Gereji, Nakuru

Mke wangu mpenzi, Mama Mghoi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye jua la asubuhi na mtoto mapajani, nyote wazima. Mghoi amempokea mdogo wake, au bado ananuna? Na mama, mguu umepungua uvimbe? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umefungiwa hapa, na nataka usikie sababu kutoka kwangu mwenyewe.

Najua umenitazamia tangu mwezi uliopita. Telegramu ya kuzaliwa mtoto ilipofika, nilimwendea Mzee Gurdial, mwenye gereji, nikaomba likizo. Akanionyesha gari lililovutwa na lori kutoka mlima wa Sachangwan. Ni gari kuukuu la kulala ndani, lina kitanda na jiko. Mwenyewe ni Mzee Jivraj, yule wa duka la vitambaa nilikonunua leso zako. Kwa kuwa hana uraia, leseni ya duka hakupewa tena. Nyumba amekwisha kuiacha, na yeye na mkewe wanakwenda Mombasa kupanda meli ya Bara Hindi. Mama huyo ana ugonjwa wa mgongo, hawezi kukaa kwenye treni, lazima asafiri amelala. Walipolijaribu gari mlimani, injini ikapasuka, na ya kufanana nayo haipatikani hapa wala Nairobi.

"Mwadime, injini ya ile Peugeot iliyopinduka Molo itaingia?" Mzee Gurdial aliniuliza.

Nikasema itaingia. Nilisema upesi, kwa sababu aliniahidi kwamba gari likipona mimi ndiye nitaliendesha mpaka Mombasa, na nikirudi kwa treni nishuke Voi, nikae nyumbani wiki mbili.

Haikuingia. Chini iligonga chuma cha mbele, nyuma haikukutana na giaboksi. Tulikata, tukachomea, tukaitoa tena, mara nne. Wazee wale walikuwa wakiishi humo ndani ya gari, uani kwetu. Mimi chali chini kwenye oili, mama yule chali kitandani, kati yetu bati tu. Kila nikinyamaza aligonga sakafu.

"Fundi, kwisha?"

"Bado, mama."

"Mimi pia nachoka lala," aliniambia siku moja. "Wewe na mimi namna moja."

Wiki ya tatu tulipata bamba la kuunganisha lililokaa sawasawa. Nikalipandisha gari Sachangwan, mlima uleule, Mzee Jivraj kando yangu ameshika mlango kwa mikono miwili. Lilipanda bila kukohoa. Kule juu nilisimama, na yule mzee akanishika bega. Mimi tayari nilikuwa nimefunga sanduku langu.

Tuliporudi, Mzee Gurdial alifungua boneti akatazama kwa muda mrefu.

"Kazi safi," akasema. "Dereva Kiprono ataendesha."

"Mzee, uliniahidi."

"Kuendesha, kila mtu anaweza. Kazi hii nani mwingine anaweza?" Akanionyesha magari mawili ya mashambani yaliyoegeshwa ukutani, nayo yanangoja kubadilishwa injini. "Maliza hayo, halafu nenda."

Nilitaka kuacha kazi palepale. Lakini Omolo, fundi mwenzangu, aliondoka mwaka jana bila barua ya sifa, na hata leo anasimama kwenye mageti ya watu akiomba kazi. Na chumba hiki ninachokuandikia ni cha gereji. Nikachukua spana nikarudi kazini.

Wanaondoka leo mchana. Kiprono ataiacha barua hii dukani kwa kaka yako pale Voi, pamoja na blanketi la mtoto. Sasa hivi mama Jivraj ameniita dirishani, akaniuliza mwanangu anaitwa nani. Nimeshindwa kumjibu.

Msalimie baba, umwambie ng'ombe asimuuze kabla sijafika. Msalimie mama, na shemeji yangu wa dukani, na dada yangu anayekuchotea maji, mwambie nimemshukuru.

Mama Mghoi, najua mnaningoja nifike ndipo mtoto apewe jina. Msiningoje tena. Mpe jina wewe, kisha uniandikie, na mimi nijue namna ya kumwita.

Ni mimi mumeo,
Mwadime